Yatima wa Mtaa wa Mchikichi

Kaka yake Euphrasia, Anselmi, alikuwa na namna yake ya kumpima mwanaume, na wala haikuhusu sura wala mshahara. Aliuliza tu: "Desemba unapanda lini?"

Maana Mchagga ni Mchagga. Awe na ghorofa zima Kariakoo au awe anatembeza mikanda begani, Krismasi ikikaribia atafunga kazi, atapakia mchele na mafuta ya kula, atapanda kwenda Kilimanjaro kuwaona wazee. Kama wazee hawapo, atakwenda kufyeka makaburi yao kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Mji unabaki umepwaya, mpaka wenyeji wanatania kwamba sasa ndiyo wamerudishiwa Dar es Salaam yao. Sasa huyu Eliakimu, mchumba wa Euphrasia, Mchagga wa Marangu kwa kuzaliwa, Desemba zote walizomjua alibaki hapa hapa Bongo, anakula chipsi.

"Kazi zimenibana," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili akasema, "Nimfuate nani? Wazee wangu wote wametangulia."

"Na makaburi je?" Anselmi alimkoromea dada yake jikoni, nyumbani kwao Mchafukoge. "Mtu hata kama kafiwa na ukoo mzima, makaburi yanabaki na nani? Phrasia, huyo jamaa ana mke huko kwao. Au ana kesi. Chagua moja."

"Kaka, kama humpendi sema humpendi."

"Simwamini. Kumpenda ni kazi yako."

Na kweli alikuwa anampenda, jamani. Alimpenda hadi akajichukia. Akisikia sauti yake kwenye simu alikuwa anaacha anachokifanya, hata kama ni kukaanga vitunguu, na vitunguu vya nyumba ile viliungua sana mwaka huo.

Walikutana darasani. Euphrasia alikuwa akiuza duka la Anselmi la CD za filamu pale Mtaa wa Aggrey, mpaka watu walipoanza kuangalia filamu kwenye simu zao, duka likafa taratibu huku yeye amekaa ndani. Anselmi akageukia vipuri vya pikipiki. Euphrasia hakugeukia kitu. Ndipo serikali ikatangaza mafunzo ya uanagenzi kwa vijana waliopoteza kazi, ada na nauli juu yake. Anselmi alicheka mpaka akakohoa.

"Serikali ikupe kitu bure? Nenda, halafu utakuja kuniambia walichotaka."

"Siyo bure," Euphrasia alimjibu. "Kodi unayolia nayo kila siku inakwenda wapi? Mimi nakwenda kuchukua ya kwetu."

Akaenda kusomea ufundi wa friji na viyoyozi, na mwalimu wao alikuwa Eliakimu. Mrefu, mpole, ana mwanya katikati ya meno ya juu unaomfanya acheke kwa kuficha mdomo. Siku ya kwanza ya vitendo alimshika mkono akamwekea kidole kwenye bomba la shaba. "Tulia," alimwambia, "usikie baridi inavyokuja." Baridi ilikuja. Euphrasia hakuisikia kabisa, alikuwa anasikia mkono.

Wiki hiyo hiyo kila mwanafunzi alisimama akaeleza alikotoka. Zamu yake ilipofika Euphrasia alisema ukweli. Alisema alifaulu kidato cha sita, akachaguliwa chuo kikuu kusomea uhandisi, baba yake akafariki kabla hata ya kufungasha. Aliomba mkopo wa serikali kama yatima, maana mama hakuwa na kipato, akaambiwa fungu la mwaka ule limekwisha, asubiri. Alisubiri nyuma ya kaunta ya CD. Alipokaa, alimwona mwalimu ameinamisha kichwa anafuta ubao ambao hauna kitu. Kwa muda baada ya hapo Eliakimu hakumtazama usoni. Halafu siku moja akaanza kumtazama, na hakuacha tena.

Euphrasia aliyaita hayo mapenzi. Nani asingeyaita?

Jambo moja tu lilikuwa linamkera. Eliakimu alikuwa hachoki kumsukuma arudi chuo. "Omba tena, Phrasia. Safari hii watakupa. Ni haki yako, siyo hisani, ni wajibu wao kukusomesha." Alisema hivyo wakila, wakitembea, hata siku aliyomvisha pete. Mtu umevishwa pete, machozi yanakutoka, mwenzio anakuuliza umejaza maombi!

Basi, wazee wa Eliakimu walikuwa waje kujitambulisha Jumamosi, wakiongozwa na baba mdogo ambaye alisema ndiye pekee aliyembakia. Jumanne, Ummy, rafiki yake wa darasani, mtoto wa Ilala asiyejua kunong'ona, alimvuta pembeni ya karakana.

"Shoga, usinichukie kwa nitakachokwambia."

"Sema."

"Mwalimu wako. Jumatano iliyopita nimemwona Mtaa wa Mchikichi. Kasimama kwenye kibanda cha juisi ya miwa, glasi mkononi, hata hainywi. Anatazama duka la vyombo upande wa pili. Mimi nimeingia dukani kwa mama mkubwa, nimechagua kanga, nimebishana bei, nimetoka, yuko pale pale."

"Labda alikuwa anamsubiri mtu."

"Na Jumatano ya kabla ya hiyo pia. Halafu Phrasia," Ummy akashusha sauti kidogo, yaani akaifikisha pale wengine wanapoanzia, "mle dukani kuna binti."

"Binti gani?"

"Binti wa kutazamwa."

Usiku ule Euphrasia hakupata usingizi wa maana. Jumatano, kipindi kilipokwisha, Eliakimu alimwambia anapitia kwa fundi viatu. Alimbusu kwenye paji la uso. Euphrasia alilihesabu busu hilo kuwa la uongo papo hapo, akamwacha atangulie, akamfuata.

Kumfuata mtu Kariakoo ni kazi. Mikokoteni inakukata njia, wauza viatu wanakushika mkono, "dada mrembo njoo uone mzigo mpya", na mtu wako anazama kwenye watu. Lakini Eliakimu hakuwa anageuka nyuma. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha miwa, akanunua juisi, akasimama nayo. Alitazama upande wa pili wa mtaa kwa macho ambayo Euphrasia aliyajua, maana ndiyo aliyotazamwa nayo yeye. Macho ya kutamani kitu na kukiogopa. Wivu ulimpanda hadi kooni.

Eliakimu alikaa pale mpaka barafu ikayeyuka, akarudisha glasi imejaa, akaondoka. Euphrasia akavuka barabara, akaingia lile duka.

Lilikuwa duka la jumla: masufuria yamepangwa mpaka darini, chupa za chai, mabeseni. Nyuma ya kaunta alikaa binti mweupe, mzuri, Ummy hakudanganya. Euphrasia alimtazama kwanza kidole. Hakuna pete.

"Karibu dada. Rejareja au jumla?"

"Hii chupa bei gani?" Aliokota ya kwanza iliyokuwa mbele yake. "Samahani, mimi ninakujua. Unaitwa nani vile?"

"Rachel. Mimi sikumbuki kukuona."

"Kuna kaka mmoja mrefu, ana mwanya. Huwa anakuja hapa?"

Binti aliwaza kwa uaminifu kabisa. "Hapana. Mwenye mwanya hapa ni mzee tu." Akageuka nyuma akaita, "Mzee Elisaria! Zile chupa kubwa tunauzaje moja moja?"

Euphrasia aliposikia jina hilo alisahau wivu wote. Elisaria. Marehemu mzee Elisaria, baba yake Eliakimu! Yeye Euphrasia, Mkatoliki wa Kibosho, alikuwa amemwombea misa mtu huyo Novemba, mwezi wa marehemu, tena akamwambia padri kwamba marehemu alikuwa Mlutheri na padri akasema haina neno.

Mzee akatoka stoo anajifuta vumbi. Urefu ule ule. Mwanya ule ule. Hata alipotabasamu alipeleka mkono mdomoni.

"Shikamoo mzee," Euphrasia alisema.

"Marahaba mwanangu. Hiyo lafudhi ya Kibosho, au nakosea?"

"Hujakosea, mzee."

"Siwezi kukosea. Chukua chupa, nitakufanyia bei ya nyumbani."

"Mzee..." Alijikaza. "Biashara kubwa hivi, huna mtoto wa kukusaidia?"

Uso wa mzee ulijifunga. "Ninaye mmoja. Ni msomi."

"Yuko wapi?"

"Kamuulize yeye," alisema mzee, akarudi stoo.

Euphrasia alimpigia Eliakimu hapo hapo barabarani. "Njoo Mnazi Mmoja, kwenye bustani. Sasa hivi." Na Eliakimu akaja, anahema, mkononi hana kiatu wala alama ya kwa fundi viatu.

Walikaa kwenye benchi. Akataka kumshika mkono. Euphrasia akaupeleka mkono wake kwenye mkoba.

"Nimetoka kununua chupa ya chai," alisema. "Nimeuziwa na marehemu."

Eliakimu hakujifanya haelewi. Hilo walau. Alitazama chini, na Euphrasia akaomba kimoyomoyo atokee na neno lolote la kusafisha, hata la uongo mzuri. Halikutokea.

"Amekujua?" aliuliza mwishowe.

"Hanijui. Amenipa bei ya nyumbani. Eliakimu, nimemwombea baba yako misa! Nimepiga magoti! Baba mtu yuko Mchikichi anauza masufuria, na wewe unamchungulia kama mwizi. Nilidhani una mwanamke."

"Sina mwanamke."

"Heri ungekuwa naye. Ningejua pa kuanzia."

"Nisikilize basi."

"Sema. Lakini ujue sikuamini tangu neno la kwanza."

Eliakimu alivuta pumzi. "Mama alikufa nikiwa mdogo, hilo ni kweli. Nilipofaulu kidato cha sita nilikimbia na matokeo dukani. Baba akasema, hongera, shule imetosha, vaa hilo koti la stoo. Kwake elimu ni kujua hesabu ya jumla na rejareja. Nilimlilia, Phrasia. Nikamwambia nimechaguliwa uhandisi. Akasema, hili duka nilimjengea nani?"

"Ukaomba mkopo."

"Nikaomba. Nikakosa. Mtoto wa mfanyabiashara, mwenye duka Kariakoo, atapewa kwa lipi? Na kwa hesabu zao hawakukosea. Wanapima mfuko wa baba. Hakuna anayepima kama baba anataka kuufungua. Baba ana uwezo, hataki. Serikali ina wajibu, lakini inaniambia nina baba. Sasa mimi nilikuwa mtoto wa nani?"

Moyo wa Euphrasia ulitaka kulegea, akaushika.

"Mwaka uliofuata nikaomba tena," Eliakimu aliendelea, na sauti ikawa ndogo. "Nikaandika sina wazazi. Kuna mtu alinitengenezea uthibitisho. Nikapata mkopo wote, mpaka wa chakula. Nilimwambia baba nakwenda, hakuuliza kwa fedha gani. Tangu siku hiyo hatujaonana uso kwa uso."

"Ukamzika."

"Kwenye maombi tu."

"Kwetu hakuna kuzika kwenye maombi tu! Mtu unayemtamkia kifo akiwa anapumua, unamrudia kwa uso gani? Ndiyo maana Desemba hupandi."

"Ndiyo maana."

"Na huyo baba mdogo anayekuja kwetu Jumamosi?"

Eliakimu alikohoa. "Ni mwalimu mwenzangu. Mmeru. Amekubali kunisaidia."

Mungu wangu! Euphrasia alicheka, kicheko kibaya, watu wa benchi la pili wakageuka. Anselmi na masikio yake, mama na sala zake, wangemkaribisha Mmeru wa watu, wampe pombe ya mbege, waite ukoo! Halafu kicheko kikakatika, maana kuna swali lilikuwa limemkaa rohoni tangu aliposema "mwaka uliofuata" na sasa lilikuwa linapanda lenyewe.

"Ni mwaka gani huo ulioomba kama yatima?"

Eliakimu aliinama akaanza kukaza kamba za viatu zilizokuwa zimekazwa tayari.

"Eliakimu. Mwaka gani?"

Alipoutaja, aliutaja akiwa anatazama viatu vyake. Ulikuwa mwaka ule ule. Mwaka ambao baba yake Euphrasia alikuwa hajatimiza siku arobaini kaburini, na Euphrasia, amevaa nguo nyeusi, alipanga foleni akaambiwa fungu la yatima limekwisha.

"Ulijua," alisema taratibu.

"Nilijua siku uliyosimama darasani ukaeleza. Sikuwa nakufahamu kabla. Naapa."

"Ulijua tangu siku hiyo! Ndiyo maana ulikuwa hunitazami."

"Sikuweza."

"Halafu ukaweza." Sasa kila kitu kilikuwa kinajipanga upya kichwani mwake, na kila kizuri kilikuwa kinageuka. Masomo ya ziada jioni. Vifaa alivyomwazima. Ile kumsukuma, omba chuo, omba chuo, ni haki yako. Pete. "Niambie kitu kimoja, na usinidanganye, maana leo umeshamaliza uongo wa mwaka mzima. Ulinipenda, au ulikuwa unanilipa?"

Macho ya Eliakimu yalijaa machozi. Angesema nakupenda, Euphrasia angemwita mwongo. Labda alilijua hilo. "Sijui kilipoishia kimoja," alisema, "kikaanza kingine."

Hakuna jibu ambalo lingemuumiza zaidi, kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Sikuchukua nafasi yako kwa makusudi, Phrasia. Huenda hata isingekuwa yako. Fungu lilikuwa dogo. Kama wangeweka la kututosha wote, wewe na mimi tusingekuwa tunagombania..."

"Usinihubirie serikali leo. Najua ina deni lake, na nitalidai mwenyewe, kwa jina langu. Lakini aliyejiita yatima siyo serikali. Ni wewe." Akasimama. "Mmeru wako asije Jumamosi."

"Phrasia, tafadhali. Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si Mchagga? Mtu akimkosea baba yake, kwetu wanafanyaje?"

Akaondoka akimwacha pale na chupa ya chai kwenye benchi. Alilia kuanzia bustanini mpaka mlango wa nyumba yao Mchafukoge, akajifuta machozi kwenye ngazi. Ndani, mama yake alikuwa anapanga sahani za wageni na Anselmi amenyoosha miguu.

"Jumamosi nyama iwe ya mbuzi au ya ng'ombe?" mama aliuliza. "Hao Walutheri wa Marangu wanakulaje?"

"Muulize kama wapo kwanza," Anselmi alisema, akimkazia dada yake macho.

"Mbuzi," Euphrasia alijibu, akaingia chumbani. Kwa nini alimlinda, hakujua. Alikasirika na yeye mwenyewe kwa hilo. Alimtamani mtu yule yule aliyemliza, alitamani aje amshike mkono aseme yote ni ndoto, na akawa anajiuliza kama hata hamu yake mwenyewe ni ya kuaminiwa.

Asubuhi simu iliita. "Niko Mchikichi," sauti ya Eliakimu ilisema. "Siwezi kuvuka barabara peke yangu."

"Nimesema nakuja?"

"Hujasema."

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kuhakikisha tu kama mzee yule kweli ni baba yake, maana kwa mwongo huwezi kujua. Alimkuta kwenye kibanda cha miwa, amevaa shati la kanisani, na mkononi ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati. Isale. Alikuwa amelinunua kwa wauza miche wa Upanga, kwa watu wanaoliuza kama pambo la getini. Mchagga aliyekosa ndilo analokwenda nalo kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hakatai. Akikataa, kosa linahamia kwake.

"Lina fundo sawasawa?" Eliakimu aliuliza.

"Nenda," Euphrasia alisema. Akatembea nyuma yake, siyo pembeni yake.

Mzee Elisaria alikuwa mlangoni anapokea mzigo. Alimwona kijana akivuka, akaacha kuhesabu. Rachel alisimama na kalamu yake. Eliakimu alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya duka, kati ya mabeseni, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Baba. Nilikuua."

"Najua," mzee alisema.

Eliakimu aliinua uso.

"Unadhani sikujua? Mtoto wa jirani wa Marangu alisoma na wewe. Akarudi likizo akampa mama yake pole za msiba wangu, na mimi niko upande wa pili wa ua nakata majani ya ng'ombe. Kijiji kizima kilicheka, wengine wakaogopa kunisalimia." Mzee alisogeza beseni lililokuwa kati yao. "Nikasema, sawa, nimekufa. Basi mwanangu atakuja kunizika. Mtu akifa lazima mwanawe aje. Desemba ya kwanza nikasubiri. Ya pili nikasubiri. Jumatano nakuona hapo kwenye miwa, nasema leo anavuka. Huvuki."

"Ulikuwa unaniona?"

"Mimi ni baba yako. Nisikuone vipi?"

Akalichukua jani. Akamshika kijana bega akamwinua, na wote wawili hawakujua la kufanya na mikono yao, hivyo mzee akamvuta tu kifuani. Rachel alianza kulia waziwazi. Hata wapagazi wa mkokoteni walitua mzigo wakatazama. Euphrasia alisimama karibu na masufuria, akiona jambo jema likitendeka na yeye hayumo.

Mzee akamwona juu ya bega la mwanawe. "Wewe si ndiye wa chupa ya jana?" Akatazama pete kidoleni mwake, akamtazama Eliakimu, akaelewa. Uso wote ukafunguka. "Kumbe! Ndiye mkwe wangu huyu?"

"Bado, mzee," Euphrasia alisema.

"Bado vipi? Amekukosea nini na wewe?"

Eliakimu alisema, "Baba, ngoja nikueleze," lakini Euphrasia hakungoja mtu wa kumsemea.

"Alipojiita yatima, mzee, mwaka ule yatima nilikuwa mimi. Tuliomba pamoja. Alipata, nikakosa. Nilikaa dukani kwa kaka yangu mpaka duka likafa."

Mzee alitazama jani mkononi mwake. Alionekana ghafla ni mzee kweli.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nilikuwa na fedha ya kumsomesha. Nikaikalia. Akaenda kuchukua chako."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Nimesema mimi." Akapiga hatua mbili mbele ya wateja wake, mbele ya Rachel na wapagazi, mzee wa Marangu mwenye mvi, akamnyooshea binti wa watu lile isale kwa mikono miwili. "Mwanangu, hili kwangu limeshafanya kazi yake. Lichukue wewe. Mimi ndiye niliyekukosesha."

"Baba, hapana," Eliakimu alisema.

"Nyamaza."

Euphrasia alitazama jani. Alimtazama Eliakimu aliyesimama nyuma ya baba yake, macho yamevimba, shati la kanisani lina vumbi magotini, anamtazama kwa yale macho ya kutamani na kuogopa. Ingekuwa rahisi sana. Angelipokea, wote wangepona kwa pamoja, Jumamosi wangekula mbuzi. Moyo wake ulikuwa unataka hivyo, ulikuwa unamsukuma mgongoni. Lakini hakuwa ameuamini moyo ule tangu jana.

Akanyoosha mikono miwili, akalipokea.

"Nimekusamehe, mzee," alisema. "Wewe tu."

Akapiga goti kidogo kwa heshima, akatoka, akaingia kwenye watu wa Mtaa wa Mchikichi akiwa amelishika jani kifuani. Eliakimu aliruka beseni kumfuata. Baba yake akamdaka mkono wa shati.

"Niache, baba! Anaondoka!"

"Namwona anaondoka," mzee Elisaria alisema. "Hilo alilobeba ni langu. Kalitafute lako."